Umebadili prosesa na kompyuta haitulii? Andika kwanza inazimika saa ngapi

Kompyuta yangu ya kazi iko chumbani, Tabata, juu ya meza iliyokuwa ya cherehani ya mama. Nahariri video za harusi, sendofu na kichen pati. Kwa miaka mingi prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa Ryzen 5 2600 ya AMD yenye viini 6. Haikunisumbua kwa lolote isipokuwa mwendo wa jongoo pale ninaporenda, yaani kuipika video iwe faili la mwisho, shughuli ya saa tano kutoka ukumbini. Nikapata Ryzen 7 5800X, viini 8, imetumika lakini pini zake zimenyooka, nikaipachika Ijumaa usiku. Jumamosi ilizimika mara nne. Jumapili niliacha kuhesabu.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Dada, prosesa hiyo imekufa, mrudishie aliyekuuzia." Wa pili akasema ni Windows. Nikaifuta Windows na kuipiga upya, siku nzima ikaenda na maji, na saa tatu usiku ikazimika palepale. Prosesa ilikuwa nzima kabisa, na ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Shida zilikuwa tatu, zote za kwangu, zimepandana kiasi kwamba ukishughulikia moja unaona kama hujafanya kitu.

Kwa hiyo usianze na bisibisi. Tafuta daftari, hata lile la kaunta, uchore safu tatu: saa, ulikuwa unafanya nini, imekufa vipi. Hiyo safu ya tatu usiiandike kwa uvivu. Kuna kompyuta kutoa skrini ya bluu yenye maandishi. Kuna kukata ghafla, kioo cheusi, halafu inawaka yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Kuna kuganda, picha imesimama na sauti imekwama inalia kama nyuki ndani ya chupa. Na kuna kuwa nzito tu, ambayo si kufa, lakini watu huiweka kapu moja na hayo mengine.

Daftari langu la siku mbili lilinishangaza. Skrini za bluu zilikuja nikiwa narenda au nimefungua klipu nyingi. Lakini kule kukata ghafla kulitokea nikiwa sifanyi kitu! Saa 7:10 mchana, nakula. Saa 2:35 usiku, niko uani naongea na simu. Mashine inabeba mzigo mzito saa nzima bila kukata, halafu nikienda kupakua wali inazima. Hapo ndipo nilipojua kwamba natafuta vitu viwili tofauti.

Kabla ya yote, uondoe umeme kwenye orodha ya watuhumiwa, maana kwetu huku ndio wa kwanza kusingiziwa, na mara nyingine ni kweli. Chomeka taa ya mezani kwenye ekstensheni ileile ya kompyuta. Kompyuta ikikata na taa haijapepesa, mgao hauhusiki. Kisha ipitishe siku moja ikiwa imechomekwa ukutani moja kwa moja bila UPS, lile boksi la betri ya akiba, kwa sababu UPS yenye betri iliyochoka inaweza kukata yenyewe inapojaribu kuchukua mzigo. Yangu ilipita vipimo vyote viwili.

Sasa ingia Windows, fungua Event Viewer, kwenye Windows Logs chagua System. Utakuta mstari mwekundu wa Kernel-Power, namba 41. Wengi wakiuona huo wanakimbilia kununua pawa saplai. Tulia. Namba 41 inasema tu kwamba mashine iliondoka bila kuaga; ni cheti cha kifo ambacho mstari wa ugonjwa umeachwa wazi. Hata TANESCO wakikata, utaandikiwa hiyohiyo. Tafuta jirani yake, WHEA-Logger. Ukikuta WHEA-Logger namba 18, prosesa yenyewe imelalamika kwamba hesabu zake zimevurugika, na ndani ya maelezo pameandikwa "Processor APIC ID" na tarakimu. Ziandike tarakimu hizo daftarini. Zangu zilikuwa 4 na 5, mara zote, na baadaye utaona kwa nini hilo lilinisaidia.

Halafu kaa chini ujiulize kwa uaminifu: usiku ule ulibadilisha vitu vingapi? Mimi nilimwambia kila mtu kwamba nimebadili prosesa tu. Uongo. Nilisasisha BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, maana mazabodi yangu, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ni B450 ya 2018 na Ryzen za mfululizo wa 5000 zilianza kutoka mwisho wa 2020, kwa hiyo bila BIOS mpya isingeitambua. Nikabadili prosesa. Nikawasha XMP, mpangilio wa BIOS wa kuifanya RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda) iende kasi iliyoandikwa kwenye kibandiko, jambo ambalo sikuwahi kulifanya wakati wa prosesa ya zamani. Na siku ya pili, nilipoona joto, nikafuata ushauri wa kijana mmoja nikapunguza volteji. Mambo manne.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kuliko zote, na ni ya bure: rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani. Ndani ya BIOS huitwa "Load Optimized Defaults". Kama huwezi hata kuingia, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa ili umeme uliobaki uishe, toa ile betri ya duara ya CR2032, ngoja dakika tano, irudishe. Usiwashe XMP. Usiguse chochote. Itumie hivyo siku mbili, hata kama inakera. Ikitulia, vifaa vyako ni vizima na mkosaji ni mipangilio; utairudisha mmoja mmoja, siku kwa siku, mpaka umkamate. Isipotulia, tatizo ni la mwili: pini, kipozeo, waya, au kijiti cha RAM kibovu.

Yangu ilitulia. Ilikuwa nzito, lakini haikukata hata mara moja. Niliona aibu kidogo.

Nianze na joto, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kwenye kosa lililofuata. Ryzen 5 2600 ni ya wati 65 na boksi lake linakuja na kipozeo kidogo, Wraith Stealth. 5800X ni ya wati 105 kwa maandishi, lakini kwa uhalisia inaruhusiwa kuvuta hadi 142 kupitia soketi, na haiuzwi na kipozeo. Mimi nikachukua kile kidogo cha zamani, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto, nikakifunga juu yake. Fungua HWiNFO64, programu ya bure ya kusoma vipimo vya kompyuta, angalia mstari wa Tctl/Tdie, ambao ni joto la prosesa, huku unarenda. Yangu iligonga nyuzi 90 ndani ya sekunde chache na kukaa hapohapo. Hiyo 90 ndiyo dari ya 5800X.

Lakini fundi aliyesema "joto ndilo linaizima" hakuwa sahihi. Prosesa za siku hizi zikifika dari haziruki dirishani. Zinapunguza kasi ili zisivuke. Kwa hiyo joto lilinifanya nirende polepole kuliko nilivyotarajia, na lilichosha sehemu za mazabodi zinazolisha prosesa, basi. Kama yako inazima kabisa kila ukiipa mzigo, angalia mambo ya kijinga kwanza: ile nailoni chini ya kipozeo kipya imetolewa? Feni imechomekwa pale palipoandikwa CPU_FAN? Skrubu nne umezikaza kwa mkingamo, kidogokidogo, au umemaliza upande mmoja kwanza kipozeo kikakaa upogo? Na ule waya wa pini 8 juu ya mazabodi, karibu na prosesa, umeingia wote, au umechomeka nusu yake ya pini 4? Prosesa ya wati 65 inaweza kuvumilia nusu hiyo. Kubwa zaidi itakuaibisha.

Dawa nzuri ya joto kwa asiye na hela ya kipozeo kikubwa mwezi huo ni Eco Mode, mpangilio wa kuipunguzia prosesa umeme. Inapatikana kwenye BIOS nyingi au kwenye programu ya Ryzen Master. Ukichagua wati 65, prosesa haitavuta zaidi ya 88 kwenye soketi. Kwangu nyuzi zilishuka hadi 76 jioni ya joto, chumba hakina kiyoyozi, na video iliyokuwa ikirendwa kwa dakika 41 ikachukua 43. Dakika mbili! Nilikaa na Eco Mode miezi mitatu mpaka nikanunua kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120.

Mimi lakini sikuanza na Eco Mode. Nilianza na ushauri wa yule kijana: "Dada, weka Curve Optimizer, hasi 30, viini vyote, utanishukuru." Na kweli joto lilishuka, nikamshukuru. Curve Optimizer inaikata prosesa volteji, na kila hatua moja ni takriban milivolti 3 hadi 5. Hasi 30 basi ni milivolti 90 hadi 150 umeinyima. Inapobeba mzigo mzito viini vyote vinakwenda kasi ya wastani na volteji hiyo inatosha, ndiyo maana ukiipima kwa kurenda inafaulu. Ukiiacha ipumzike, kila dakika kuna kakazi kadogo, labda Windows inakagua kitu, kiini kimoja kinaruka peke yake hadi kasi yake ya juu kabisa, karibu 4.7 GHz au zaidi, na kwa mruko huo volteji iliyokatwa haitoshi. Kinateleza. Kioo cheusi.

Basi kukata kwangu wakati wa chakula kulitokana na dawa niliyoipa mwenyewe. Zile APIC ID 4 na 5 nilizoandika daftarini zikanionyesha na kiini chenyewe: kwa prosesa hii kila kiini kina namba mbili, kwa hiyo 4 na 5 ni kiini cha tatu, ambacho BIOS inakiita namba 2 kwa kuwa inaanza kuhesabu kwenye sifuri. Ryzen Master ilinionyesha kwamba hicho ndicho miongoni mwa viini bora vya prosesa yangu, na viini bora ndivyo visivyovumilia kukatwa sana, kwa sababu ndivyo vinavyotumwa kwenye kasi kubwa. Ningeweza kukaa wiki mbili nikipima kiini kimojakimoja kwa CoreCycler, ambayo kazi yake ni hiyo hasa. Sikuwa na wiki mbili. Nilirudisha yote sifuri na kuondokana nayo.

Kama hukugusa volteji kabisa na bado inakata ikiwa imepumzika, jaribu jambo moja kabla ya kulaumu prosesa. Ndani ya BIOS, kwenye menyu ya AMD CBS, tafuta "Power Supply Idle Control" uiweke "Typical Current Idle". Pawa saplai nyingine za zamani haziwezi umeme kidogo sana ambao mashine hizi huvuta zikisinzia, na mpangilio huo unaizuia isisinzie mno. Ikitulia hapo, umeshajua pawa saplai yako iko umri gani.

Zikabaki skrini za bluu. Hizi zilikuwa na tabia moja: kila mara jina tofauti. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Jina likijirudia lilelile mara zote, mara nyingi ni dreva fulani, programu inayoendesha kifaa. Yakibadilikabadilika namna hiyo, tazama RAM. Na kuna ushahidi ulioniuma zaidi: kwenye video moja niliyomaliza kurenda, uso wa bibi harusi ulikuwa na mraba wa kijani kwa fremu mbili, pale anapolishwa keki. Klipu ya asili ilikuwa safi. RAM mbovu haikuangushi tu, inaharibu kazi yako kimyakimya, na ukiwa na bahati mbaya mteja ndiye anayeona kwanza.

Nina vijiti vinne vya GB 8. Viwili nilivinunua pamoja, viwili baadaye Kariakoo, kampuni nyingine, vyote vimeandikwa kasi ya 3200. Kile kibandiko ni ahadi ya vijiti viwili vilivyouzwa pamoja, hakisemi lolote kuhusu vinne vya kuokoteza. Hata AMD wenyewe, kwa Ryzen za 5000, wanaahidi 3200 ukiwa na vijiti viwili. Ukiweka vinne ahadi inashuka hadi 2933 au 2667 kutegemea jinsi vijiti vilivyoundwa. Kwa miaka yote ile RAM yangu ilikwenda 2666 bila mimi kujua, ndiyo maana ilikuwa na amani.

Pima kwa Memtest86+. Ni ya bure, unaiweka kwenye flashi, unaiwashia kompyuta kutoka humo kabla ya Windows. Iache usiku kucha, angalau mizunguko minne. Kosa moja tu ni kosa. Usijiambie "ni moja tu kati ya mabilioni". Kwa XMP ya 3200 yangu ilitoa mistari myekundu kabla sijamaliza kupiga mswaki. Nikajaribu 2933, ikatoa kosa moja kwenye mzunguko wa tatu. Kwa 2666 usiku mzima safi. Kisha vijiti viwili pacha peke yake kwa 3200, navyo safi, kwa hiyo hakuna kijiti kibovu, ni mchanganyiko tu. Nimebaki na vinne kwa 2666, kwa sababu kazi yangu inahitaji GB 32 kuliko inavyohitaji kasi. Ukitumia viwili, viweke nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, maana mazabodi nyingi zimepangwa hivyo. Na ukiona kompyuta inasoma kijiti kimoja tu kati ya viwili, au upande mmoja mzima haupo, shuku pini ya prosesa iliyopinda au kipozeo kilichokazwa vibaya kabla ya kununua RAM nyingine.

RAM ikishapona, ndipo ufungue Command Prompt kama msimamizi na kuandika sfc /scannow, irekebishe mafaili ya Windows yaliyoharibika kipindi cha vurugu. Ukifanya kabla, unafua nguo kwenye maji ya tope. Pakua na dreva mpya za chipset kutoka AMD. Kupiga Windows upya si lazima.

Wenye Intel Core za mezani za kizazi cha 13 na 14, yenu ni habari nyingine. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi zilikuwa zikijilisha volteji kubwa kuliko inavyotakiwa hadi zinadhoofika, wakatoa marekebisho yanayokuja kupitia BIOS na kuongeza miaka miwili kwenye dhamana. BIOS mpya inazuia madhara, haiponyi prosesa iliyokwisha kudhoofika. Kama umenunua iliyotumika, sasisha BIOS siku hiyohiyo, kabla hujaanza kuchezea mengine.

Na kwa ambaye bado hajabadili, mambo matatu ya haraka. Sasisha BIOS prosesa ya zamani ikiwa bado imo, kwa flashi iliyofomatiwa FAT32, ukiwa na UPS inayoaminika, na si saa ambazo umeme wa mtaani kwenu hucheza. Ikikatika katikati utakuwa na mazabodi lisilowaka. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike karatasini, kwa sababu prosesa mpya ikiingia mazabodi inaweza kukuuliza kama ufute fTPM, sehemu ya prosesa inayotunza siri za kufuli hilo, na baada ya hapo Windows itaudai huo ufunguo bila huruma. Tatu, usivute kipozeo kikiwa baridi. Kwenye soketi ya AM4 pini 1,331 ziko chini ya prosesa, na pesti iliyokauka inaigandisha. Iwashe kompyuta dakika kumi ipate moto, izime, chomoa waya, kisha kizungushe kipozeo kushoto na kulia taratibu mpaka kiachie.

Mimi nilivuta. Prosesa ya zamani ilitoka imening'inia kwenye kipozeo, na pini ya kona ikapinda. Hasara yake niliiona baadaye, kwa maana kipimo cha mwisho kabisa, ukishamaliza yote na bado hujui, ni kurudisha prosesa ya zamani kwa siku mbili uone kama ugonjwa unahama nayo au unabaki. Sikuwa nayo ya kurudisha. Mpwa wangu aliinyoosha wiki iliyofuata kwa ncha ya penseli ya kubonyeza, polepole kama anatoa mwiba mguuni, na kwa kuwa aliinyoosha akaiomba. Sasa iko kwenye kompyuta yake hosteli. Juzi usiku akanipigia.

"Shangazi shikamoo. Imezima tena."

"Marahaba. Ulikuwa unafanya nini ilipozima?"

"Sikuwa nafanya kitu, nilikuwa nakula."

Nikamwambia akatafute daftari.